Upepo kwa Herufi Kubwa: Utabiri wa Hali ya Bahari katika Redio ya Setilaiti

Si desturi ya kurasa hizi kuzungumzia mitambo. Wasomaji wetu wamezoea kukuta humu makala juu ya ngeli, juu ya tenzi, juu ya Kiswahili kinavyosemwa Bukavu, Kisangani au Lubumbashi. Lakini ziko matini ambazo sisi wanaisimu tumeziacha kando kwa sababu zinapita angani kimya kimya, wala hazikusanywi vitabuni. Mojawapo ni taarifa ya hali ya hewa inayopelekewa mabaharia. Ni fupi, vitenzi vyake ni vichache, huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na uhai wa watu hutegemea kila tarakimu iliyomo. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi taarifa hiyo inavyosafiri kutoka kwa mtabiri hadi chomboni kwa redio ya dijitali na ya setilaiti. Kisha tutauliza jambo linalotuhusu zaidi: ikifika, inafika kwa lugha gani, na inamfikia nani?

Zamani taarifa hizi zilipigwa kwa alama za Morse. Kila meli kubwa ilikuwa na afisa wa redio aliyekaa na visikizio masikioni kwa saa zilizopangwa, kalamu mkononi, akinakili nukta na vistari. Akipitiwa na usingizi, taarifa imepotea. Mfumo uliochukua nafasi ya Morse, ambao ulimwenguni kote unajulikana kwa kifupi cha GMDSS, ulianza kutumika tarehe 1 Februari 1992 na ukatimilika tarehe 1 Februari 1999, chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Msingi wake ni kwamba mashine isikilize badala ya mtu. Nahodha anapoingia zamu anakuta maandishi yanamngoja, yakiwa yamechapwa karatasini au yameandikwa kiooni.

Njia ya kwanza, iliyo ya karibu na pwani, huitwa NAVTEX. Hiyo si ya setilaiti. Ni redio ya ardhini, lakini ni ya dijitali kwa maana kamili, tena iliwatangulia wengi wanaojivunia neno hilo leo. Hutangaza katika masafa ya kilohezi 518 na husikika umbali wa maili za baharini 250 hadi 400 hivi. Vituo vya eneo moja vyote hutumia masafa hayo hayo, na ili visipigane kelele kila kimoja kimepewa herufi yake, kuanzia A hadi X, pamoja na dakika 10 za kusema katika kila saa 4. Vituo 24 mara dakika 10 ni dakika 240, yaani saa 4 kamili. Kila taarifa hufunguliwa kwa herufi ZCZC na kufungwa kwa NNNN. Kati yake huja herufi ya kituo, herufi ya aina ya habari, na nambari ya taarifa. Aina B ni maonyo ya hali ya hewa, E ni utabiri wa kawaida. Nahodha anaweza kukiamuru kipokezi chake kiache baadhi ya aina asizozihitaji, lakini maonyo ya aina B hawezi kuyazima hata akitaka. Taarifa ambayo kipokezi kimekwisha kuipata vizuri hakiichapi mara ya pili.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa jinsi NAVTEX inavyojilinda na makosa ni somo la isimu kama lilivyo somo la ufundi. Kila herufi hugeuzwa kuwa mapigo saba ya redio. Mapigo hayo ni ya namna mbili tu, na sheria ni kwamba katika saba hizo, manne yawe ya namna moja na matatu ya namna nyingine. Mipango inayowezekana ni 35, inayotosha alfabeti nzima pamoja na alama chache za utumishi. Kipokezi hakihitaji kuelewa neno lolote, huhesabu tu. Kikikuta matano kwa mawili, kinajua kuwa radi au kelele ya injini imeharibu herufi ile. Kwa sababu hiyo kila herufi hupelekwa mara mbili, na ile ya pili hufuata baada ya sekunde 0.28, ili mshindo mmoja wa radi usiziue zote mbili kwa pamoja. Zikiharibika zote mbili, mashine haibahatishi. Huchapa nyota.

Nyota hiyo ni uaminifu mkubwa. Fikiria nahodha anayesoma: upepo noti *5. Je, ni 15, 25 au 35? Kwa 15 mashua hupunga tanga kwa furaha. Kwa 35 ni onyo la kurudi bandarini. Lakini afadhali nyota kuliko tarakimu ya uongo, maana nyota inamwambia msomaji mahali hasa ambapo hajui.

Sasa tazama Kiswahili katika mtego huo. Taarifa ikisema MA*IMBI MA*UBWA, msomaji yeyote wa lugha yetu ataijaza bila shida. Upatanisho wa ngeli, unaorudia kiambishi kutoka nomino hadi kivumishi, ni akiba ambayo lugha imejiwekea dhidi ya kelele, kama vile mhandisi alivyoweka herufi ya pili dhidi ya radi. Tarakimu, hata hivyo, hazina ngeli. Penye nyota mahali pa tarakimu, Kiswahili hakina msaada zaidi ya Kiingereza, isipokuwa mtunzi awe ameongeza neno la kuithibitisha: upepo mkali, upepo wa wastani, upepo mdogo. Ndiyo maana tunadhani mtunzi wa taarifa za Kiswahili asione haya kutumia kivumishi pamoja na nambari. Katika fasihi tungekiita kivumishi hicho cha bure. Katika NAVTEX ni boya la kuokolea.

Meli ikiisha kuacha pwani, NAVTEX hunyamaza, na hapo ndipo setilaiti huchukua zamu. Huduma iliyozoeleka zaidi ni SafetyNET, inayopitia setilaiti za Inmarsat. Setilaiti hizo ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka kwa mwendo ule ule wa dunia hata huonekana kama zimesimama. Kutoka huko huona karibu bahari zote, isipokuwa sehemu zilizo karibu na ncha mbili za dunia. Mtabiri huandika taarifa yake, huitaja kwa eneo linalohusika, kisha huituma kwenye kituo cha ardhini kinachoirusha juu. Taarifa hushuka kwa vipokezi vyote vilivyo chini ya setilaiti, lakini kila kipokezi hujua mahali kilipo, na huchapa zile za eneo lake au za maeneo ambayo nahodha ameyachagua. Antena yake ni ndogo, haihitaji kuelekezwa, na kupokea hakulipiwi. Anayelipa ni mwenye kutuma. Tangu Desemba 2020 iko pia huduma ya Iridium, yenye setilaiti 66 zinazozunguka chini zaidi, kilomita 780 hivi, na kupita juu ya ncha za dunia.

Bahari zimegawanywa katika maeneo 21, na kila eneo lina nchi iliyobeba dhamana ya kutoa utabiri wake. Pwani ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam imo katika sehemu ya kusini ya eneo la nane, ambayo dhamana yake iko Mauritius. Kusini ya latitudo 10.5, yaani kuanzia mpaka wa Tanzania na Msumbiji, dhamana ni ya Afrika Kusini. Upande wa Atlantiki mambo yanatuhusu moja kwa moja. Ufaransa hutabiri mashariki ya Atlantiki kushuka hadi latitudo 6 kusini. Kutoka hapo huanza tena eneo la Afrika Kusini. Mstari huo unapita karibu na Banana, kwenye mlango wa mto wetu. Meli iendayo Matadi, kwa hiyo, hufika Kongo ikiwa juu ya mshono wa taarifa mbili, moja iliyotoka Ufaransa na nyingine iliyotoka Afrika Kusini, zote mbili kwa Kiingereza.

Ndiyo, kwa Kiingereza, hata ile ya Wafaransa. Sheria ya mfumo huu ni kwamba SafetyNET na NAVTEX ya kilohezi 518 zitumie Kiingereza, ili baharia Mfilipino na nahodha Mgiriki wasome kitu kimoja. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Lakini wasomaji wetu wachache wanajua kwamba sheria hiyo hiyo imeacha mlango wazi: kilohezi 490 zimetengwa kwa NAVTEX ya lugha za taifa, na Ufaransa huzitumia kwa Kifaransa. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kifaransa hakina. Alfabeti ya NAVTEX ni ile ya teleksi, herufi 26 kubwa bila lafudhi yoyote juu yake. Kifaransa kikipita humo hupokonywa alama zake zote, na msomaji hulazimika kuzirudisha kichwani. Kiswahili sanifu hupita kizima kizima. Hata ule ukato wa ng' una nafasi yake katika alama za teleksi.

Kikwazo basi hakiko katika herufi. Kiko katika maana. Mwaka mmoja tuliwapa wanafunzi wetu taarifa ya mistari minne waifasiri. Penye SE 25 KT, karibu nusu yao waliandika kuwa upepo unaelekea kusini-mashariki. Kumbe kinyume chake: katika lugha ya mabaharia upepo huitwa kwa mahali unakotoka. Mvuvi atakayeamini tafsiri ile ataficha mashua yake upande wa kisiwa unaopigwa na mawimbi. Na mtego haukuishia hapo, kwa kuwa mkondo wa maji, unaoweza kutajwa katika taarifa hiyo hiyo, huitwa kwa mahali unakokwenda. Lakini wazee wa pwani walikwisha kulitatua tatizo la upepo kabla ya redio. Kwao kusi ni upepo, na kusini ni mahali kusi anakotoka. Kaskazi ni upepo, na kaskazini ni kwao kaskazi. Majina ya dira yetu yamezaliwa na pepo, na mwelekeo umo ndani ya neno. Anayefasiri akumbuke tu kutia neno “kutoka”, wala asione kuwa anapoteza nafasi.

Tatizo la pili ni ngazi za ukali. Katika taarifa ya kimataifa kila neno la onyo limefungwa kwenye kipimo cha Beaufort. Onyo la kwanza ni nguvu 8, upepo wa noti 34 hadi 40. La pili huanzia nguvu 10, noti 48. La mwisho ni nguvu 12, noti 64 na kuendelea. Sisi tuna utajiri wa maneno: dhoruba, tufani, kimbunga, chamchela. Lakini hakuna aliyeyapanga kwa ngazi, na mwandishi mmoja huita tufani kile ambacho mwenzake huita dhoruba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imefuata njia nyingine, nasi tunaiona ya busara: imeainisha onyo badala ya upepo, ikitofautisha angalizo na tahadhari, na kasi ikaitaja kwa kilomita kwa saa. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa zake zilisomwa kwa Kiswahili cha namna hiyo. Kilomita ina faida nyingine kwetu. “Noti” masokoni mwetu ni fedha, na “fundo” ni la kamba.

La tatu ni saa. Taarifa zote hutaja saa ya ulimwengu. Saa 1200 ya taarifa ni saa tisa alasiri kwa mtu wa Mombasa, kwa kuwa mji huo umetangulia kwa saa tatu, na Waswahili huhesabu saa tangu jua kuchomoza. Mtangazaji akisoma “saa kumi na mbili” kama ilivyoandikwa, msikilizaji ataelewa magharibi, na ataingia majini alasiri akidhani bado ana nafasi.

Mpaka hapa tumezungumzia meli, na meli zimetunzwa vizuri. Swali la nani asiyefikiwa linaturudisha kwenye jaribio moja ambalo Afrika ililitangulia dunia. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti iitwayo AfriStar ilirushwa kutoka Kourou. Ilikuwa ya kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa. Iliwekwa juu ya ikweta katika longitudo 21 mashariki. Atakayefungua ramani ataona kwamba hapo ni Kongo. Setilaiti ya kwanza ya redio ya dijitali kwa wasikilizaji wa kawaida ilisimama karibu juu kabisa ya Boende. Kipokezi chake kilikuwa cha mkononi, chenye antena ndogo bapa iliyoelekezwa juu, na kilinasa vipindi kwa usafi ambao masafa mafupi hayakuwahi kuwa nao. Pamoja na sauti, kiliweza kupokea data kikiunganishwa na kompyuta.

Wataalamu wa hali ya hewa waliiona nafasi hiyo upesi. Mpango wa RANET, uliohusisha kituo cha Afrika cha elimu ya hali ya hewa kilichoko Niamey, ulitumia AfriStar kuteremsha taarifa na picha mahali pasipo na simu. Hapo mtu wa redio ya kijiji aliisoma taarifa kwa lugha ya wenyeji. Nchini Kenya vituo kama vile cha Kangema na cha Budalang'i, karibu na Ziwa Victoria, vilizaliwa katika mpango huo. Mnyororo ulikuwa mzuri: setilaiti kwa umbali, redio ndogo kwa lugha. Kilichokatika ni fedha. Kipokezi kilikuwa ghali kwa mwananchi, baadaye vipindi vikaanza kulipiwa, na Oktoba 2008 kampuni iliomba kinga ya mufilisi. Huduma ilizimika, redio za vijiji zilibaki, zikitafuta taarifa zao kwa njia nyingine. Tofauti na SafetyNET ni wazi. Nyuma ya ile kuna mkataba wa mataifa, nyuma ya hii palikuwa na wanahisa.

Ziwa Victoria lilipata baadaye mpango wake, ulioitwa HIGHWAY, ambapo kuanzia 2017 idara za nchi za eneo hilo zilishirikiana kutabiri dhoruba za ziwani na kuzitangaza kwa lugha za wavuvi. Tanganyika, Kivu, Mweru na Albert je? Setilaiti haijui ufuo umeishia wapi. Kipokezi cha SafetyNET kikiwashwa leo Kalemie, mbele ya mbingu wazi, kitachapa bila taabu utabiri wa Mlango wa Msumbiji, kilomita mia nyingi kutoka hapo. Juu ya maji yaliyo mbele yake hakitasema neno, kwa kuwa maeneo 21 ni ya bahari na maziwa hayamo. Na ziwa lile lina kusi yake: kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hulipiga kwa urefu wake wote, na wavuvi wa pande zote huujua kwa jina hilo hilo la pwani. Taarifa za Tanzania juu ya Ziwa Tanganyika zinafaa kusikilizwa ng'ambo yetu pia. Mawimbi hayana pasipoti. Huku kwetu dhamana ni ya Mettelsat iliyoko Kinshasa, mbali sana na Moba na Uvira.

Boti iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, lililotajwa kwanza lilikuwa mzigo kupita kiasi, nasi hatutaki kuitwika hewa dhambi ya watu. Lakini nahodha wa boti iliyojaa ndiye hasa anayehitaji kujua kama jioni kutakuwa na mawimbi, maana hana nafasi ya kukosea.

Tumejaribu kutunga taarifa ambayo kituo chochote kingeweza kuirusha, kwa herufi za teleksi peke yake:

ONYO. ZIWA TANGANYIKA, KALEMIE HADI MOBA. UPEPO MKALI KUTOKA KUSINI-MASHARIKI, KILOMITA 50 KWA SAA, KUANZIA SAA 3 USIKU. MAWIMBI MITA 2. MITUMBWI ISITOKE.

Herufi, tarakimu, vituo na nafasi zake ni 154. Kwa kuwa NAVTEX huhitaji sekunde 0.14 kwa kila moja, pamoja na marudio yake, maneno hayo yangepita angani kwa sekunde 22 hivi. Wanafunzi wa mwaka wa pili waliyasoma kwa sauti, kwa mwendo wa mtangazaji wa redio, katika sekunde 15. Mmoja wao, mtoto wa mvuvi wa Moba, alishauri tuondoe kilomita na kuweka “kusi mkali”, akisema baba yake hana chombo cha kupimia kasi lakini anamjua kusi. Tumeyaacha yote mawili, kilomita kwa ajili ya nahodha wa meli, na neno “mkali” kwa ajili ya yule mzee, endapo nyota itaangukia ile 5.